Uvimbe wa thaimasi umetolewa wote: je, mama bado anahitaji mionzi?

*"Daktari, shikamoo. Mama yetu ana miaka 56. Wiki saba zilizopita alipasuliwa kifua akatolewa uvimbe wa sentimita 6 uliokuwa mbele ya moyo. Majibu ya maabara yanasema ni thaimoma aina ya B2, hatua ya IIb, na kwamba umetolewa wote, ila ukingo mmoja uko chini ya milimita 1. Mama pia ana miasthenia, ule ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, na anatumia dawa yake, piridostigmini. Daktari aliyempasua anasema inatosha, afuatiliwe kwa picha. Daktari wa saratani anasema apigwe mionzi mara 25. Sisi watoto tumegawanyika. Kaka anasema mionzi ndiyo itakayommaliza, na wajukuu hawataruhusiwa hata kumkaribia. Mimi nimesoma kwamba waliopigwa mionzi waliishi zaidi kuliko waliopasuliwa tu, na ninaogopa tunachelewa. Huu uvimbe ni saratani au si saratani? Na mionzi inaongeza maisha kweli?"*

Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Umenirahisishia kazi kwa kuandika mambo ambayo wengi huyaacha: aina ya uvimbe, hatua, hali ya kingo (yaani seli za uvimbe ziko karibu kiasi gani na ukingo wa nyama iliyotolewa), na ugonjwa mwingine alionao mama. Bila hayo ningebaki kukujibu kwa maneno ya jumla.

Hofu yenu naielewa hivi. Mkikubali mionzi, mnaogopa kumuumiza mtu ambaye ameshaanza kupata nafuu. Mkiikataa, mnaogopa siku uvimbe ukirudi mtalaumiana. Na kwa kuwa madaktari wawili wametofautiana, mnadhani lazima mmoja wao amekosea. Hakuna aliyekosea. Mama ameangukia mahali ambapo utafiti wenyewe haujatoa hukumu, na madaktari waangalifu hutofautiana hapo kila siku. Hata hivyo kuna jambo moja katika maelezo yako ambalo likichunguzwa vizuri linaweza kuinamisha mizani upande mmoja. Nitalifikia.

Nianze na hoja za kaka yako, maana zikibaki zimening'inia hamtasikilizana katika mengine. Mionzi inayopigwa kwa mashine kutoka nje hupita mwilini na kuisha hapo hapo. Mashine ikizimwa, hakuna chochote kinachobaki ndani ya mgonjwa. Mama anaweza kutoka chumba cha matibabu akampakata mjukuu wake saa hiyo hiyo. Agizo la kukaa mbali na watoto na wajawazito lipo kweli, lakini ni la wagonjwa wa namna nyingine: waliomeza au kudungwa dawa yenye mionzi, kama ayodini ya tezi ya shingo, au waliowekewa vyanzo vya mionzi ndani ya mwili. Watu husikia neno mionzi wakachanganya yote pamoja.

Na hili la kwamba mionzi "humaliza" watu, nafahamu linatoka wapi. Wengi wetu tumewaona ndugu wakipelekwa mionzi wakati saratani imeshafika kwenye mifupa au ubongo, ili kupunguza maumivu tu. Mgonjwa akifariki baada ya wiki chache, lawama huangukia kitu cha mwisho alichofanyiwa. Anachoshauriwa mama ni tofauti kabisa: ni mionzi ya kinga, kwa mtu ambaye picha na maabara vinasema hana uvimbe unaoonekana. Ina madhara yake, na sitayaficha, lakini si hukumu ya kifo.

Sasa, ni saratani au si saratani? Thaimasi ni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya moyo na mishipa mikubwa ya damu. Utotoni hufanya kazi ya kufunza chembe za kinga ziitwazo seli T kutofautisha mwili na adui. Baada ya balehe husinyaa, na sehemu kubwa yake hugeuka mafuta. Vimbe vinavyoota kwenye seli za ngozi ya ndani ya tezi hiyo ndivyo thaimoma. Ni nadra sana, kati ya mtu 1 na 3 hivi kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, na wengi hupatwa wakiwa na miaka 40 hadi 70. Zamani madaktari waliita baadhi ya thaimoma "zisizo na madhara". Lugha hiyo imeachwa, kwa sababu hata iliyoonekana tulivu inaweza kurudi au kusambaa. Kwa hiyo ndiyo, iko katika familia ya saratani. Ila ni saratani ya mwendo wa polepole sana, na mwendo huo ndio unaofanya swali lako la pili liwe gumu kujibiwa.

Herufi B2 inaeleza sura ya seli chini ya hadubini. Mfululizo wake ni A, AB, B1, B2, B3, kisha kasinoma ya thaimasi, ambayo ni kali zaidi na hutibiwa kwa nguvu zaidi. B2 iko katikati, ikielekea upande wa ukali. Hatua ya IIb ni kitu kingine kabisa: inaeleza uvimbe umefika wapi. Katika mpangilio wa Masaoka, uliotolewa 1981 na kurekebishwa baadaye, hatua ya I ni uvimbe uliofungika ndani ya ganda lake. Hatua ya II ni uliopenya ganda: IIa ukionekana kwa hadubini tu, IIb ukionekana kwa macho ukiingia kwenye mafuta ya jirani au kushikamana na utando wa mapafu au wa moyo bila kuutoboa. Ya III umeingia katika viungo vya jirani, kama pafu, utando wa moyo au mshipa mkubwa wa damu. Ya IV umetawanyika kwenye tando hizo, au umefika tezi za limfu na viungo vya mbali. Mkiona kwenye karatasi herufi T, N na M badala ya namba za Kirumi, msishtuke. Huo ni mpangilio mpya zaidi unaotumika sambamba na huu.

Katika yote hayo, kitu chenye uzito kuliko vingine kwa maisha ya mgonjwa ni kama daktari wa upasuaji aliweza kuutoa uvimbe wote. Mama amepata hilo. Sehemu kubwa ya tiba yake imeshafanyika mezani kwa mpasuaji, na mionzi inakuja kama nyongeza juu ya tiba iliyofanikiwa. Ukiishika hoja hiyo, mengine utayaona kwa utulivu zaidi.

Mionzi hufanya nini hasa? Hukata nyuzi za vinasaba ndani ya seli. Seli ya kawaida ina uwezo wa kuzirekebisha kati ya leo na kesho. Seli ya uvimbe ina uwezo mdogo wa kufanya hivyo, na ikijaribu kugawanyika na nyuzi zilizokatika, hufa. Ndiyo sababu dozi haitolewi kwa mara moja. Hugawanywa vipande vidogo vya grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 1.8 au 2, siku tano kwa wiki, ili tishu nzuri ipate nafasi ya kujiponya. Mara 25 alizotajiwa mama zikiwa za grei 2 zinatoa grei 50, na hiyo ndiyo dozi ya kawaida kwa mtu aliyetolewa uvimbe wote. Huwa kati ya 45 na 50. Ingekuwa seli zimebaki kwenye ukingo, ingepanda hadi karibu grei 54. Uvimbe wenyewe ukibaki unaonekana, ni 60 au zaidi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mionzi hufanya kazi pale inapoelekezwa tu. Haizunguki mwilini kama dawa. Inalinda mahali uvimbe ulipokuwa umekaa, basi. Sasa angalia thaimoma inaporudi hurudi wapi: mara nyingi zaidi ni kwenye utando wa mapafu, kwa vinundu vinavyodondoka pembeni na chini kuelekea kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), mbali na pale ilipoanzia. Ni sawa na kufagia mlangoni vizuri kabisa wakati punje zilizomwagika zimekwishabiringika hadi uvunguni. Mlango utakuwa safi, lakini hujagusa zile punje. Hii ndiyo sababu ya msingi inayofanya tafiti nyingi zishindwe kuonyesha faida kubwa ya mionzi kwa wagonjwa kama mama. Na hatuwezi kupiga mionzi utando wote wa mapafu kwa dozi hiyo bila kuyaharibu mapafu yenyewe.

Tuje kwenye ulichosoma. Nadhani ulikutana na uchambuzi wa ITMIG, kikundi cha kimataifa kilichoundwa 2010 kukusanya kumbukumbu za wagonjwa wa vimbe hivi. Uchambuzi huo, uliochapishwa 2016, uliangalia wagonjwa 1,263 wa thaimoma ya hatua ya II na ya III waliotolewa uvimbe wote. Baada ya miaka 5, katika kila 100 waliopasuliwa na kupigwa mionzi, 95 walikuwa hai. Kati ya waliopasuliwa tu, 90. Baada ya miaka 10, ilikuwa 86 kwa 79. Tofauti hiyo ilionekana pia kila hatua ilipoangaliwa peke yake. Takwimu za kitaifa za Marekani zilizochapishwa 2017, zenye wagonjwa zaidi ya 4,000, zilielekea upande huo huo, na faida ilionekana zaidi kwa hatua ya IIb, ya III, na kwa waliobakiwa na seli kwenye kingo.

Hapo mtu angesema shauri limekwisha. Lakini Japani nao walikusanya kumbukumbu zao, wagonjwa 1,265 wa hatua ya II na III, wakachapisha 2015. Kwa thaimoma, mionzi haikupunguza kurudi kwa ugonjwa wala haikuongeza urefu wa maisha. Kwa kasinoma ya thaimasi ilipunguza kurudi karibu kwa nusu, ila hata huko urefu wa maisha haukuonekana kubadilika.

Kwa nini watu makini wapate majibu yanayopingana? Kwa sababu hakuna kati ya tafiti hizo iliyowagawa wagonjwa kwa kura. Ni kumbukumbu za nyuma, na kumbukumbu zina mtego. Fikiria nani hufika kwenye mashine ya mionzi baada ya upasuaji wa kifua. Ni yule ambaye kidonda kimepona, mapafu yamerudi vizuri, moyo hauna shida, na ana nguvu ya kwenda hospitali kila siku kwa wiki tano. Aliyepata matatizo makubwa baada ya upasuaji, au aliyefariki mwezi wa kwanza, hakufika; huyo huhesabiwa kwenye kundi la "hawakupigwa mionzi". Kwa hiyo kundi la mionzi lilikuwa na watu wenye afya kuliko wenzao kabla hata mashine haijawashwa. Wataalamu wa takwimu hujitahidi kusawazisha, lakini kile ambacho hakikuandikwa kwenye faili hakisawazishiki. Mtego huo unaweza kuwa umetengeneza sehemu ya tofauti ile ya 86 na 79. Yote? Sidhani. Ni sehemu kubwa kiasi gani, hakuna anayeweza kukupimia.

Tena kuna tatizo la mwendo wa polepole nililogusia. Thaimoma inaweza kurudi baada ya miaka 10 au zaidi, na ikirudi mara nyingi hupasuliwa tena, mgonjwa akaendelea kuishi miaka mingi. Wakati huo wote anazeeka, na wagonjwa wengi wa hatua za mwanzo hatimaye hufa kwa sababu zisizohusiana na uvimbe huu. Ukipima tiba kwa kuhesabu waliokufa, unapima kila kitu kilichowapata kwa miaka 10. Kwa hiyo mtu akikwambia kwa uhakika kwamba mionzi itamwongezea mama miaka kadhaa, mwombe akuonyeshe imetoka wapi.

Jaribio la kura lililopo ni dogo sana, la China, 1999, wagonjwa 29 wa hatua ya I. Halikuonyesha faida ya mionzi, na kwa hatua ya I leo hatuipigi. Kwa wagonjwa wanaofanana na mama, Ufaransa walianzisha jaribio liitwalo RADIORYTHMIC, linalowagawa kwa kura watu wa hatua ya IIb na III waliotolewa uvimbe wote: nusu mionzi, nusu uangalizi. Kwamba madaktari wa huko walikubali kuwaachia kura wagonjwa wao kunakuonyesha kuwa hata mabingwa hawana jibu la mkato.

Nisije nikaeleweka vibaya na msomaji mwingine mwenye ugonjwa huu. Mashaka haya ni ya hatua ya II iliyotolewa yote. Kama seli zimebaki kwenye kingo, mionzi inashauriwa bila kusitasita. Kama uvimbe ulikuwa umeingia kwenye pafu au mshipa mkubwa, wengi wetu tunaipendekeza hata kama umetolewa wote. Kama ni kasinoma ya thaimasi, vivyo hivyo, mara nyingine pamoja na dawa za saratani. Na kama uvimbe haupasuliki, mionzi pamoja na dawa ndiyo tiba yenyewe. Thaimoma huisikia mionzi vizuri na wakati mwingine hunywea kwa kasi ya kushangaza. Mgonjwa wa namna hiyo asichukue maneno yangu kwa mama huyu akayafanya sababu ya kukataa tiba.

Turudi kwa mama, tuhesabu gharama kwa mwili. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu umio huanza kuuma wakati wa kumeza. Uchovu humwingia mtu taratibu. Ngozi ya kifua inaweza kuwa nyeusi kidogo au kuwasha. Hayo huisha wiki chache baada ya matibabu. Mwezi mmoja hadi sita baadaye, wachache hupata kikohozi kikavu, homa na pumzi fupi: mapafu yamevimba kwa ndani kutokana na mionzi. Hufanana na nimonia, na mara nyingi hutibiwa kwa antibayotiki bila mafanikio hadi mtu akumbuke kuuliza kama mgonjwa alipigwa mionzi. Dawa yake huwa ni za jamii ya steroidi. Mwambieni kila daktari atakayemwona mwaka huo.

Linalonisumbua zaidi ni moyo, kwa sababu uko nyuma tu ya pale panapopigwa. Utafiti wa 2013 kwa wanawake waliopigwa mionzi ya saratani ya matiti ulionyesha kwamba kila grei moja ya wastani inayoingia moyoni huongeza hatari ya tatizo kubwa la mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4 juu ya ile aliyokuwa nayo mtu. Hatari hiyo ilianza kuonekana ndani ya miaka 5 ikaendelea kwa miaka 20 au zaidi. Ukiwa na miaka 56, uvimbe wako umetolewa, na unatarajiwa kuishi miaka mingi, hiyo ni hesabu ya kweli. Ikiwa mama ana shinikizo la damu, kisukari au anavuta sigara, inazidi. Saratani nyingine itokanayo na mionzi nayo inawezekana. Ni nadra, na kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kutokea. Kwa binti wa miaka 30 ningeipa uzito mkubwa. Kwa mama naipa uzito mdogo.

Ubora wa mashine na mpango hubadilisha hesabu hii sana. Mashine zinazoweza kuifinyanga dozi ifuate umbo la mahali panapolengwa hupunguza kinachoingia moyoni na mapafuni. Siku hizi hatupigi tena kifua chote cha kati. Tunalenga kitanda cha uvimbe tu, tukiongozwa na picha za kabla ya upasuaji na vibanio vidogo vya chuma ambavyo mpasuaji huviacha kama alama. Ulizeni kama aliviacha. Ulizeni pia wastani wa dozi ya moyo kwenye mpango wa mama utakuwa grei ngapi. Daktari wa mionzi hatakasirika. Swali hilo huulizwa na wenzake kila wiki.

Miasthenia inahitaji aya yake. Kati ya theluthi moja na nusu ya wenye thaimoma huwa nayo, kwa sababu tezi iliyoharibika hufunza kinga vibaya, ikaanza kushambulia mahali neva inapokutana na msuli. Haimzuii mama kupigwa mionzi, ila inabadilisha maandalizi. Lazima alale chali bila kutikisika kwa dakika kadhaa, kwa hiyo saa ya kumeza piridostigmini ipangwe dawa iwe na nguvu wakati huo. Mbinu ya kushikilia pumzi, inayosogeza moyo mbali na mionzi, inaweza kumshinda kama misuli ya kupumulia ni dhaifu, ipimwe kwanza. Na umio ukianza kuuma wiki ya tatu, kuna hatari ambayo watu huisahau: mgonjwa anaacha kumeza vidonge kwa sababu ya maumivu, miasthenia inapanda, kumeza kunakuwa kugumu zaidi, na mnazunguka hapo hapo hadi pumzi inashindwa. Maumivu ya kumeza yatibiwe siku ya kwanza, na daktari wake wa neva ajue tarehe ya kuanza. Nikuongezee: kutolewa uvimbe hakuizimi miasthenia mara moja, inaweza kuchukua miezi au miaka kutulia, na kuendelea kwake si dalili kwamba uvimbe umerudi.

Sasa lile jambo moja. Ni ule ukingo wa chini ya milimita 1. Uko upande gani? Uvimbe wa thaimasi una nyuso ambazo kisu hakikuzipitia kabisa. Uso unaotazama nafasi ya mapafu umefunikwa na utando wake wa asili. Seli zikikaribia hapo, hakuna kilichobaki upande wa pili, maana upande wa pili ni nafasi tupu. Lakini uso uliokuwa umelalia moyo au mshipa mkubwa ulitenganishwa kwa mkono wa mpasuaji, na hapo milimita moja ina maana kamili. Daktari wa patholojia, yule anayesoma seli kwa hadubini, anaweza kuijua tofauti hiyo ikiwa tu mpasuaji aliweka alama kwenye uvimbe kabla ya kuupeleka maabara. Kwa hiyo mpigieni mpasuaji mkamuulize: ukingo uliokaribia ulikuwa wapi, na je, kuna mahali uvimbe ulikuwa umeng'ang'ania ukalazimika kuubandua?

Akisema ulikuwa upande wa mapafu na kila kitu kilitoka kwa urahisi, mimi ningekaa upande wake: uangalizi, bila mionzi. Akisema ulikuwa juu ya utando wa moyo na alipambana kuutoa, ningehamia upande wa daktari wa saratani, hasa kwa kuwa ni B2 na umepenya ganda kwa kuonekana. Mwongozo wa Ulaya wa 2015 unakwenda njia hiyo hiyo: hauiagizi mionzi kwa kila mgonjwa wa hatua ya II, bali unasema ifikiriwe pale seli ni za aina kali au uvimbe umetoka sana nje ya ganda. Akisema hakumbuki na hakuweka alama, basi mnarudi kwenye mizani ya wazi, na hapo sauti ya mama mwenyewe ndiyo iwe ya mwisho. Barua yako imejaa maoni ya watoto, lakini sijaona mama anasema nini.

Kuhusu kuchelewa: hamjachelewa. Mionzi ikiamuliwa, inafaa ianze ndani ya miezi mitatu baada ya upasuaji. Wiki saba zimepita, mna kama wiki tano. Zitumieni kwa mambo mawili. La kwanza, ombeni vioo vya maabara vyenye vipande vya uvimbe vikasomwe tena na daktari wa patholojia mwenye uzoefu wa vimbe vya kifua. Ugonjwa huu ni nadra, na kutofautiana kwa wasomaji kati ya B1, B2 na B3 si ajabu. La pili, ombeni mpasuaji, daktari wa mionzi, wa picha na wa neva wakae meza moja na faili la mama. Haitoshi kila mmoja akawaeleza nyinyi pembeni mkabaki wajumbe kati yao.

Njia yoyote mtakayochagua, ufuatiliaji ni ule ule na ni mrefu. Picha ya CT ya kwanza miezi mitatu au minne baada ya upasuaji, kisha kila mwaka kwa miaka 5, kisha kila miaka 2, hadi miaka 10 au 15. Wengi huacha mwaka wa sita kwa sababu wanajisikia wazima, na thaimoma inaweza kurudi hata baada ya mwaka huo. Muombe anayesoma picha aangalie utando wa mapafu hadi chini kabisa kwenye kiwambo.

Kuna hali ambazo hamtasubiri miadi. Mama akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, akipaliwa na mate yake, sauti ikawa ya puani ghafla, au akashindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, mpelekeni hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hiyo ni miasthenia inayofunga pumzi. Homa na kikohozi kipya baada ya mionzi, maumivu ya kifua yanayozidi akilala na kupungua akiinama mbele, au weupe na uchovu wa ghafla unaoashiria damu kupungua, apimwe ndani ya siku moja au mbili. Na atembee na kadi inayosema ana miasthenia, ili asije akachomwa gentamisini, magnesi ya mshipani au kupewa siprofloksasini na mtu asiyemjua, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuifanya misuli yake igome ndani ya saa chache.